Kamati Iliyokwenda Ng'ambo Kulitafutia Jua Kiwanda

Nchi yetu ina jua. Sisemi hivi kwa kujisifu, maana kujisifu ni kazi ya Wizara ya Habari, na mimi ni karani tu wa Wizara ya Nishati, Mwanga na Vivuli. Lakini ukweli usemwe: jua letu linatosha na linabaki. Katika mji wa Kikaangoni, ulioko katikati ya nchi, wanawake huanika mihogo asubuhi na kuianua adhuhuri ikiwa imekauka kama mbao, na mwalimu mkuu wa pale aliwahi kukaanga yai juu ya bati la ofisi yake mbele ya mkaguzi wa elimu, akasifiwa kwa kufundisha kwa vitendo. Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Liko mbele ya kamati inayolifanyia marekebisho, na si adabu kuingilia kazi ya kamati.

Mwaka ule umeme ulikuwa umezoea kukatika. Tulivumilia, kwa kuwa sisi ni watu wavumilivu na tumepewa vyeti vya uvumilivu. Lakini siku moja, saa tisa alasiri, Kiongozi Mkuu alikuwa akilihutubia taifa kwa televisheni kuhusu kukoma kwa mgawo wa umeme. Alipofika kwenye neno "kukoma", televisheni zote nchini zikazimika. Wananchi wengi waliamini kwamba hiyo nayo ilikuwa sehemu ya hotuba.

Kesho yake likatoka agizo: taifa litengeneze paneli zake lenyewe za umeme wa jua, na kiwanda kijengwe haraka. Waziri wetu, Mheshimiwa Balozi Profesa Pangolaweni Shekivuli, akalipokea agizo kwa mikono miwili, na siku hiyohiyo akaunda Kamati ya Kitaifa ya Kutafuta Mahali Ng'ambo pa Kujengea Kiwanda cha Paneli za Jua. Hilo neno "ng'ambo" halikuwamo katika agizo. Mheshimiwa aliliongeza mwenyewe, kwa moyo wa kujituma.

Kamati ilikuwa na Mheshimiwa kama mwenyekiti, Katibu Mkuu Bwana Mchomvu kama makamu, na washauri wanne ambao katika miezi yote niliyokaa nao sikuwahi kuwasikia wakishauri. Mimi, Kisebengo, niliteuliwa kuandika kumbukumbu. Halafu ikagundulika kuwa sheria inataka kila kamati ya ufundi iwe na fundi angalau mmoja. Wizara nzima ikatafutwa, akapatikana mwanamke mmoja kwenye chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini, akiwa anatengeneza taa ya ukumbini ambayo hakuna aliyemwambia aitengeneze.

Huyo ndiye Injinia Sikujua Mapande. Mama yake alipojifungua alidhani kazi imekwisha, kumbe kulikuwa na wa pili. Alipomwona akasema, "Sikujua!" na mkunga akaandika. Alizaliwa na kukulia Kikaangoni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia moja mbaya: akiulizwa kama ana swali, alikuwa nalo.

* * *

Katika kikao cha kwanza, Mheshimiwa alisoma hadidu za rejea, akavua miwani na kuuliza, kama wafanyavyo wenyeviti wote, "Kuna mwenye swali?"

"Ninalo, Mheshimiwa," alisema Sikujua. "Kwa nini tusijenge Kikaangoni?"

Biskuti ya Katibu Mkuu ikadondoka ndani ya chai. Mheshimiwa alifikiri kidogo.

"Kikaangoni ya wapi?"

"Hii yetu, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana nauliza. Huko ng'ambo kuna Kikaangoni?"

"Hakuna."

"Basi hoja imejifia yenyewe. Karani, andika."

Niliandika. Lakini Sikujua hakukaa. Akaeleza kwamba Kikaangoni kuna mchanga mweupe unaofaa kuyeyushwa kuwa kioo cha paneli. Kwamba reli inapita hapohapo. Kwamba jua linawaka siku mia tatu na arobaini kwa mwaka. Kwamba kuna vijana waliomaliza chuo cha ufundi na ambao kwa miaka mitatu hawajashika kitu kingine ila kete za bao, na kila mwezi wawili watatu wanafunga virago na kuondoka, hata timu ya mpira ya mji sasa ina mabeki watupu. Akasema amekwisha kuandika andiko kuhusu mambo hayo mara saba.

"Na tulikujibu?" aliuliza Mheshimiwa.

"Mara saba mlinijibu kuwa linashughulikiwa."

"Unaona! Serikali isiyojali ingekujibu mara moja tu." Kisha akalegeza sauti, maana ni mtu mwenye huruma. "Binti yangu, wewe umesoma, lakini hujatembea. Hebu nitazame. Viatu hivi vimetoka ng'ambo. Miwani hii, ng'ambo. Hata mafua niliyoyapata ng'ambo yalikuwa mafua ya maana, yalinikaa wiki tatu. Ya hapa yanakuja asubuhi, jioni hayapo. Sasa tukijenga kiwanda hapa, paneli zitakuwa za hapa. Nani atazinunua?"

"Mimi nitanunua, Mheshimiwa."

"Fundi atanunua, sawa. Mimi nazungumzia watu."

Tukapitisha vigezo. Mahali pa kiwanda pawe mbali kiasi cha kubadilisha ndege mara mbili. Pawe na baridi ya kuvalia koti. Wenyeji wawe na ustaarabu wa kupokea ujumbe.

"Hakuna kigezo cha jua?" aliuliza Sikujua.

"Jua tunalo," alisema Katibu Mkuu Mchomvu, akiokoa biskuti yake kwa kijiko. "Mtu hutafuta asichokuwa nacho."

Baada ya kikao nilimkuta Sikujua ukumbini akiongea kwa simu. Simu yake ilikuwa imeharibika, haisikiki ila kwa kipaza sauti, kwa hiyo sikusikiliza, nilisikia. Alikuwa akizungumza na mama yake mdogo, Bi Siwema, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, mwenye mgahawa karibu na stesheni ya Kikaangoni.

"Najitoa, mama. Hawa watu si wa kufanya nao kazi."

"Ujitoe uende wapi?" sauti ikafoka kutoka simuni, pamoja na mlio wa kitunguu kinachoingia kwenye mafuta. "Asiyekuwapo na lake halipo. Wakipanda ndege, panda. Wakivaa makoti, vaa. Na hilo andiko lako litie mkobani."

"La nini, mama? Hakuna wa kulisoma."

"Mimi nikisafiri nabeba sufuria. Sijui nitapika wapi, lakini nabeba."

Sikujua akacheka, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. Akarudi ndani kujaza fomu ya koti.

* * *

Nchi ya kwanza ilikataliwa siku ileile tuliyofika. Uwanjani tuliambiwa tupange foleni, na Mheshimiwa akasimama dakika arobaini nyuma ya bibi mmoja aliyebeba paka kwenye kikapu. Paka alipitishwa kwanza. "Nchi inayomtambua paka na kutomtambua waziri," alisema Mheshimiwa, "haiwezi kulitambua jua." Tukapanda ndege nyingine.

Nchi ya pili ilikuwa jangwa tupu. Sikujua alitoa kipimajua chake, kidude cha ukubwa wa kiganja chenye mshale, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani nilimwona ana matumaini. "Mheshimiwa, hapa kuna jua la kutosha."

"Ndilo tatizo lake," alisema Mheshimiwa akijipepea kwa pasipoti. "Tumesafiri saa kumi na nne kuja kutokwa jasho lilelile?"

Nchi ya tatu ndiyo Barafuni. Tulifika katika majira ambayo jua la huko huchomoza saa tano asubuhi na kutua saa nane mchana, tena kwa aibu, likiwa limejifunika mawingu hadi puani. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Mheshimiwa alishuka ngazi za ndege akiwa na koti lililogusa visigino, akafungua kinywa kusalimia, mvuke ukamtoka. Akasimama. Akasalimia tena, kwa makusudi, akiutazama.

"Hapa pana hadhi," alisema. "Hata maneno yanaonekana."

Tulipokewa na meya wa mji, Bibi Hedda Grumm, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na mikono mipana kama ya mwashi. Alikuwa ameendesha gari mwenyewe. Jambo hilo liliusikitisha sana ujumbe wetu, na Katibu Mkuu akaninong'oneza nimuulize mkalimani kama dereva wake amefiwa.

Alitupeleka kwenye kiwanja kando ya ziwa lililoganda. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda kikubwa, kimya, hakitoi moshi. Sikujua akainua kipimajua. Mshale ulitikisika kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini, ukalala. Akanionyesha.

"Hapa hapa!" alisema Mheshimiwa.

Meya alimtazama mkalimani, akauliza, "Mnataka kutengeneza paneli za jua hapa?"

"Ndiyo."

"Na kwenu kuna jua kiasi gani?"

"Jingi mno. Ndiyo maana tumeliacha." Mheshimiwa akajiweka sawa, akaanza kuhutubia, na mvuke ukamzunguka kama ubani. "Bibi Meya, jua kwetu limezoeleka. Mtu akizoeleka nyumbani hasikilizwi. Hata mtume, akiwa wa mtaa uleule, watoto wanamwita kwa jina. Sisi tunataka jua letu litokee nje, lipate heshima, kisha lirudi."

Meya akamwomba mkalimani arudie. Akarudia. Akamwomba tena. Mkalimani akasema kwa masikitiko kwamba tafsiri ni sahihi, na kwamba yeye hana la kufanya.

Tukaweka jiwe la msingi, ambalo tulikuwa tumelibeba kutoka nyumbani kwa kutumia uzito wa mizigo uliotengewa vifaa vya kupimia udongo. Washauri wanne wakapiga makofi, lakini kwa kuwa walikuwa wamevaa glavu nene, hayakusikika.

* * *

Sasa nafika mahali ambapo, kama karani, napaswa kuwa mwangalifu.

Tulikaribishwa chakula cha mchana kwenye nyumba ya mbao. Mheshimiwa na wakubwa wenzake walikaa karibu na moto, wakijadili rangi ya geti la kiwanda. Mimi na Sikujua tulikaa pembeni, na meya akaja na bakuli lake la supu akakaa nasi. Wao wawili walizungumza Kiingereza, lugha ambayo naielewa kuliko ninavyoisema.

"Wewe ndiye injinia," alisema meya. "Niambie kweli. Hawa wanatania?"

"Hapana, Bibi Meya. Wangekuwa wanatania ningefurahi."

Meya akacheka, kisha akaacha. Akaelekeza kijiko dirishani, kwenye kile kiwanda kimya. "Kile kilikuwa kinatengeneza paneli. Watu wangu walikijenga, wanakijua. Lakini mchanga tunaagiza kutoka mbali, na tukitaka kupima paneli tunangoja jua miezi mitano. Tumeamua kuhamisha kazi ya kutengeneza, sisi tubaki na uchoraji na utafiti. Tunatafuta mahali ng'ambo. Penye mchanga mweupe, reli, mafundi vijana, na jua." Akanywa supu. "Nchi thelathini zimetuletea maombi. Nimeyasoma yote. Lenu halimo. Nilipopata barua kwamba mnakuja, nilidhani mmeleta."

Sikujua aliweka kijiko chini. Niliuona mkono wake ukienda kwenye mkoba, ukasimama.

Ni lazima nieleze. Wizara yetu ina Kanuni namba thelathini na moja, inayosema kwamba mtumishi yeyote atakayempa mgeni habari za jua, mvua au upepo wa nchi bila kibali, atafukuzwa kazi na kushtakiwa. Jua liliingizwa katika orodha ya siri za taifa na waziri aliyetangulia, ingawa wakati huo watu wengi walikuwa wamekwisha kuliona.

Sikujua akanigeukia. "Kaka Kisebengo, unaandika?"

"Naandika kila kitu, Injinia. Ndiyo kazi yangu."

"Basi andika vizuri." Akatoa andiko, lile la saba, kurasa sitini na mbili, lenye muhuri wa wizara kwenye jalada, akalisukuma mezani kupita bakuli za supu. "Mji unaitwa Kikaangoni. Vipimo vya jua ni vya miaka sita. Nilivichukua mwenyewe, kila likizo, juu ya paa la mgahawa wa mama yangu mdogo."

Meya alifungua ukurasa wa kwanza, akaacha kula.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na daftari lilikuwa wazi. Kwa miaka kumi na tisa sijawahi kuacha neno. Nimeandika hata kikohozi cha mwenyekiti. Nilimtazama yule mwanamke mfupi, ambaye kwa kitendo hicho kimoja alikuwa amejifukuza kazi na kujifunga, na ambaye sasa alikuwa anamalizia supu yake kwa sababu alifundishwa kutobakiza chakula. Nikaandika: "Wajumbe walikunywa supu. Ilikuwa ya samaki." Kisha nikafunga daftari. Nilijiambia kuwa wino umeganda kwa baridi, na nakumbuka niliyaamini maneno yangu.

* * *

Tulirudi na ushindi. Magazeti yaliandika kwamba taifa limepata mahali. Sikujua alirudi kwenye chumba chake cha ghorofa ya chini, na kwa miezi minne kila mlango ulipogongwa nilimwona akinyanyuka na kufunga mkoba, tayari kwa kuchukuliwa. Aliyekuja kugonga siku zote alikuwa mimi, nikitaka anitengenezee feni.

Halafu ikaja barua. Katibu Mkuu Mchomvu aliisoma akiwa amesimama, akaingia mbio ofisini kwa Mheshimiwa, nami nyuma yake na daftari.

"Mheshimiwa! Barafuni wanaunda kamati ya kutafuta mahali ng'ambo pa kujengea kiwanda cha paneli za jua!"

"Wana akili," alisema Mheshimiwa. "Wametuiga. Wanakwenda wapi?"

"Wanakuja hapa. Kikaangoni."

"Si wanatafuta ng'ambo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ng'ambo yenyewe ni sisi."

Mheshimiwa alikaa. Akavua miwani, akaivaa. "Yaani... sisi pia ni ng'ambo?"

"Kwa upande wao, ndiyo."

Mheshimiwa akainuka polepole, akaenda kwenye kioo kilicho kando ya kabati, akajitazama kwa muda mrefu, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Tangu siku ile alitembea akiwa ameinua kidevu kidogo zaidi.

Maandalizi yakaanza. Iliamuliwa kwamba wageni wasisumbuliwe na hali ya Kikaangoni, hasa jua lake. Likashonwa hema la urefu wa hatua mia tatu kufunika kiwanja chote walichotaka kukikagua. Zikaletwa mashine za kutengeneza barafu. Wale vijana wa bao wakagawiwa makoti ya sufu, ili wageni wajisikie wako nyumbani.

Sikujua alikwenda mara tatu kueleza kwamba wageni wanakuja kwa ajili ya jua. Mara tatu aliambiwa linashughulikiwa.

Siku ikafika. Bibi Hedda Grumm alishuka kwenye treni na wenzake watano, akakuta vijana mia mbili wamejipanga wamevaa sufu, jasho linawatiririka mpaka viatuni, wakiimba wimbo wa theluji uliotungwa na wizara. Akapeana mkono na kila mtu, akaingia chini ya hema, gizani, akatoa kipimajua chake kikubwa na kukiweka juu ya meza. Mshale ukatikisika, ukalala.

Meya akaufuata kwa macho. Akafungua andiko, akatazama tarakimu, akatazama mshale tena. Wenzake wakaanza kunong'onezana. Mmoja akafunga daftari lake.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Sikujua. Nilimwona anafumba macho. Bi Siwema, ambaye alikuwa akigawa chai kwa wageni kwa kuwa mgahawa wake ndio pekee mjini, alimpitia na birika akamwambia kwa sauti ya chini, "Sasa unafumba macho ili iweje? Umebeba sufuria mpaka jikoni, pika!"

Sikujua akafumbua macho. Akapanda jukwaani, akamwinamia Mheshimiwa sikioni.

"Samahani, Mheshimiwa. Naogopa itifaki. Kwao Barafuni, hema kubwa namna hii hujengwa kwenye msiba tu."

Kama ni kweli au si kweli, sijui. Sikuuliza.

"Msiba?" Mheshimiwa alishtuka. "Msiba wa nani?"

"Watadhani wa aliyekaa katikati."

Mheshimiwa akatazama kulia, akatazama kushoto, akahakikisha kwamba aliyekaa katikati ni yeye.

"Ondoa!" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Ondoa hema lote, sasa hivi!"

Nchini kwetu agizo la kujenga huchukua miaka, lakini la kubomoa hutekelezwa papo hapo. Vijana wakatupa makoti wakashika kamba. Bi Siwema na wanawake wa mgahawa wakatoka na visu vya kukatia nyama. Hema likapiga mwayo, likaanguka upande mmoja, likawafunika washauri wanne, na jua la Kikaangoni, lililokuwa limezuiwa nje siku nne, likaingia lote kwa mara moja.

Mshale wa meya uliruka, ukapiga mwisho wa kipimo, ukakaa hapo ukitetemeka. Meya alikuwa amekuja na paneli moja ya majaribio, imeunganishwa na feni. Feni ikaanza kuzunguka, ikavuma, ikapeperusha kurasa zote thelathini na nane za hotuba ya Mheshimiwa kuelekea stesheni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utumishi alisema "Karibuni" na kukaa. Watu walishangilia mpaka nikashindwa kusikia ninachoandika.

Bibi Hedda alikuwa anacheka, uso umeiva kama nyanya. Akashika kipaza sauti, mkalimani kando yake.

"Tumeridhika. Na tunashukuru kwa andiko lenu. Bila hilo tusingejua kuwa mji huu upo."

Akaliinua juu. Muhuri wa wizara ulionekana mpaka viti vya nyuma.

Katibu Mkuu Mchomvu akawa na rangi ya unga. "Nani," alinong'ona, "nani ametoa siri ya jua?" Kisha akakumbuka kuwa mimi niko duniani. "Karani! Soma kumbukumbu za Barafuni. Siku ya mwisho."

Nilifungua daftari. "Wajumbe walikunywa supu," nilisoma.

"Endelea."

"Ilikuwa ya samaki."

"Endelea!"

"Mwisho wa kumbukumbu."

Sikujua alinitazama, na mtazamo ule sitausahau. Kisha akasimama. "Mheshimiwa, karani asisumbuliwe. Aliye..."

"Tungependa kumtambua aliyetuletea," meya aliendelea, kwa kuwa hakujua mambo yetu. "Kwetu mtu aliyefanya kazi kubwa namna hii hupewa nishani."

Nilimwona Mheshimiwa Shekivuli akipima mambo mawili, Kanuni namba thelathini na moja upande huu na nishani upande ule. Akainuka.

"Nililituma mimi," alisema. "Kwa siri, kwa mkono wa binti huyu, ninayemwamini kuliko wote. Karani, andika."

Niliandika. Sikujua akaketi. Bi Siwema akamwekea kikombe cha chai mkononi na kukishika pamoja naye mpaka kilipoacha kumwagika.

* * *

Kiwanda kilijengwa kwa miezi kumi na minne. Sikujua aliacha wizara na kuwa mkuu wa uzalishaji. Vijana mia tatu na themanini wakaajiriwa, na timu ya mji ikapata tena washambuliaji. Mheshimiwa alikata utepe kwa mkono wake mwenyewe, nishani ikimning'inia kifuani. Kiwanda chetu cha Barafuni nacho kinaendelea vizuri. Jiwe la msingi liko palepale chini ya theluji, na kila mwaka ujumbe unatumwa kwenda kulitafuta.

Likabaki tatizo dogo. Serikali ilitaka paneli kwa ajili ya ofisi zake zote, na sheria ya manunuzi inasema ofisi za umma zifungwe vifaa bora, na vifaa bora ni vile vilivyopita bandarini. Mzigo wa kwanza ulipoletwa wizarani kutoka Kikaangoni kwa treni, Bwana Mchomvu aliukataa getini. Sikujua hakubishana. Nilimsikia kwenye simu, ile ile ya kipaza sauti, akipanga na watu wa meli.

Wiki sita baadaye tulikuwa bandarini, na bendi ya jeshi, na mazulia. Meli ilikuwa imetia nanga kutoka Barafuni, ambako paneli zilezile za Kikaangoni zilipumzika siku tatu bila kufunguliwa. Kreni ikateremsha sanduku la kwanza, Sikujua akalifungua kwa nyundo, akarudi nyuma.

Mheshimiwa alisogea. Akapitisha kiganja juu ya kioo, taratibu, kama mtu anayepapasa farasi wa mfalme. Akagonga kwa ukucha, akasikiliza mlio.

"Unaona?" alisema. "Kitu cha ng'ambo hakijifichi. Ukikigusa tu, unajua." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kizalendo. "Niambie ukweli, Injinia. Lini na sisi tutaweza kutengeneza kitu kama hiki?"

Sikujua alimtazama Mheshimiwa, akazitazama paneli zake, akanitazama mimi na kalamu yangu.

"Tutajitahidi, Mheshimiwa," alisema. Akatazama saa, akaaga kwa heshima na kuondoka haraka, maana zamu ya jioni ilikuwa inamngoja na treni ya Kikaangoni haichelewi.